Mdalasini Wenye Mato

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu wa Hisabati amekwisha kuwatumia nusu ya walimu wa Nakuru ujumbe wa sauti wa dakika saba kuhusu yale yaliyotokea nyumbani kwao Lamu Ijumaa iliyopita, na kwa kuwa ujumbe huo umenirudia mimi mwenyewe kutoka kwa watu watatu tofauti, mmoja wao akiwa mlinzi wa lango la shule, nimeona heri niyaeleze kwa kinywa changu. Samaki hawakuwa watano. Walikuwa wawili, na inasikitisha kwamba aliyekosea hesabu hiyo ni mtu anayelipwa mshahara kwa kufundisha hesabu. Wala sikuwakaanga kwa vitunguu, wala sikumwambia Bibi kwamba hiyo ndiyo desturi ya watu wa bara. Mengine yote aliyoyasema, ole wangu, ni kweli.

Ninyi mnaonisoma tangu zamani mnazikumbuka nasaha zangu za kusafiri kwa gharama ndogo. Nimewahubiria mara nyingi kwamba hakuna haja ya kulipia chumba cha kulala na sahani ya mkahawani ilhali una rafiki mwenye kwao: omba hifadhi, kaa kwa adabu, kisha siku moja ingia jikoni uwapikie wenyeji wako chakula cha maana, na hapo deni la wema litakuwa limelipwa bila ya mkoba kutoboka. Mbinu hiyo niliitumia Kisii ikafaa, nikaitumia Voi ikafaa, na Arusha niliondoka nikiwa nimefungiwa mkungu mzima wa ndizi. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilikuwa najipa mwiko kabla ya kupewa chochote.

Basi likizo hii ya Agosti rafiki yangu alinialika kwao, mtaa wa Mkomani katika Mji wa Kale wa Lamu. Kabla ya kukubali niliuliza bei za nyumba za wageni, nikaambiwa shilingi 2,500 kwa usiku, nami nilikusudia kulala usiku nne, na hesabu hiyo sikuhitaji mwalimu wa Hisabati kunifanyia. Tukapanda treni hadi Mombasa, tukaingia basi lililotupitisha Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo tukavuka kwa mashua, mimi nikiwa nimeshika mkoba kifuani na moyoni nikijipongeza kwa shilingi 10,000 ambazo hazingetoka.

Nyumba ya kwao ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, yenye kuta nene kiasi kwamba mchana wa jua kali ndani ni baridi na kiza. Jiko liko juu darini chini ya paa la makuti. Choo kiko chini, upande wa nyuma, na ndani yake mna hodhi la maji lililojengwa ukutani kwa chokaa, refu kufikia kiunoni, ambalo mtu huteka maji kwa kata akajimwagia pembeni. Hodhi hilo mimi nililiita tangi, kwa sababu lilifanana na tangi. Nawaomba mliweke neno hilo akilini kwa muda.

Aibu ya kwanza ilinifika kabla sijavua viatu vizuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona haya, Bibi akaninyoshea mkono kutoka kitandani kwake akaniambia, "Ndoo, mwanangu." Nikaangaza huku na huku, nikaiona ndoo ya samawati kando ya mlango, nikaichukua kwa mikono miwili kama nilivyolelewa na kumpelekea mtu mzima kitu alichokitaka. Bibi aliipokea. Akaitazama ndani, akaona haina kitu, akaiweka chini taratibu, akanishukuru. Usiku rafiki yangu alinieleza, baada ya kucheka mpaka akashikwa na kwikwi, kwamba Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, husema "ndoo" pale Kiswahili sanifu kinaposema "njoo", kama kinavyosema "ndaa" kwa njaa na "mato" kwa macho. Nikamjibu kwa heshima ya taaluma yangu kwamba nalijua jambo hilo kwa nadharia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na mmoja sasa. Kila muhula nafundisha vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, na nina mifano yangu ninayoitegemea: kaa, paa, panda. Baada ya juma hili nitaongeza mingine.

Alhamisi jioni nilitangaza kwamba kesho, siku ya Ijumaa, nitawapikia pilau. Mama mwenye nyumba alikataa, akasema mgeni hapiki, mgeni hupikiwa. Nikasisitiza. Akakataa tena. Bibi ndiye aliyekata shauri akisema, "Mwacheni Mwalimu, naye apate thawabu zake," na kabla ya isha majirani wawili wa kike walikuwa wamekwisha kualikwa waje kuiona pilau ya bara. Kwa jumla tulikuwa watu kumi na watano: wanaume saba wangekula sebuleni chini watokapo msikitini, nasi wanawake tungekula ndani pamoja na mjukuu wa nyumba, mtoto wa kiume wa miaka mitano mwenye mato, samahani, macho makubwa yasiyopitwa na kitu.

Asubuhi nilikwenda sokoni kando ya Ngome nikanunua nyama kilo 3 na mchele kilo 3. Dukani niliomba bizari nyembamba, muuzaji akaniuliza, "Uzile?" nami nikamwambia hapana, nataka bizari, akanifungia uzile, ambao ndio bizari nyembamba. Rafiki yangu alipendekeza kwamba kwa kuwa tuko nje, tupite kwanza kwenye nyumba ya makumbusho ambako wageni huelezwa jinsi nyumba ya Kiamu ilivyopangwa, toka daka la mlangoni mpaka chooni. Nikauliza kiingilio ni kiasi gani. Nilipoambiwa, nikamwambia, na maneno haya anayo kwenye ule ujumbe wake wa sauti neno kwa neno, "Nyumba ya Kiamu nalala ndani yake bure, ya nini kulipia kuitazama nyingine?"

Mama alikuwa akitoka kwenda kumwangalia mgonjwa mtaa wa Langoni. Akiwa amekwisha jitanda buibui lake aliniita akanipa maagizo ya maji, kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka tangu juzi. Alisema hivi, nami naapa kwamba nayanukuu sawasawa: "Maji matamu yamo dumuni. Yakipunguka, mwite kijana wa punda, dumu ni shilingi 30. Lakini maji ya birika, Mwalimu, usiyatie chunguni."

Nikasema, "Nimekuelewa, Mama."

Nilikuwa nimemwelewa kabisa. Birika lilikuwa pale jikoni, jeusi kwa masizi, limebakia maji ya chai ya asubuhi. Nilidhani pengine majani ya chai yangeiharibu rangi ya pilau. Ili nisije nikajisahau katika pilikapilika, nililichukua birika hilo, nikalipandisha juu kwenye kidaka cha ukutani, mahali ambapo mkono haufiki kwa bahati mbaya. Hivyo ndivyo nilivyo mtiifu.

Ninyi wa pwani nawaona mmekwisha kushika vichwa. Tulieni.

Mapishi yenyewe yalikwenda vizuri na siwezi kuona haya kuyasema. Nilichemsha nyama ikatoa supu, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya ngozi ya tende, nikatia thomu na tangawizi, nikafuatisha uzile, pilipili manga, karafuu, iliki na mdalasini, na harufu iliposhuka vichochoroni jirani mmoja alipaza sauti kutoka darini kwake akauliza ni nani anayeoa. Ila nilikuwa nimeosha nyama mara mbili na mchele mara tatu, kama alivyonifundisha marehemu mama yangu, na nilipolishika dumu ili nijazie supu nikalikuta jepesi. Yalibaki maji ya vikombe viwili. Nilihitaji lita nne.

Kijana wa punda alikuwa akipita chini wakati huohuo. Nikamwita, nikamwuliza kama anaweza kuniuzia nusu dumu kwa shilingi 15. Akasema dumu huuzwa zima. Nikamweleza kwamba zima litanizidi, kwamba mimi ni mgeni, na kwamba katika biashara ni vyema kumsikiliza mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akampiga punda kofi la upole mgongoni wakaenda zao. Nilisimama darini nikiitazama ile mizigo ya maji ikitokomea kichochoroni, nikakumbuka kwamba kule chini chooni mna tangi lenye maji maangavu ya bure, ambayo hakuna mtu anayeoga ndani yake, kwani huchotwa tu. Hili nalisisitiza kwa ajili ya wale waliokwisha anza kutapika: hakuna mtu anayeoga ndani yake.

Nikaichukua ndoo ya samawati, ileile, nikashuka.

Chooni hamna dirisha. Maji ya tangi yalikuwa yamepungua, hivyo nikainama nikaizamisha ndoo mpaka ikagusa sakafu, na nilipoipandisha nilihisi kitu kama kivuli kikipita karibu na kidole changu. Siku mbili zilizotangulia, nikioga kwa mwanga wa simu, nilikuwa nimekiona kivuli hicho nikadhani ni changu. Nikapanda ngazi mbio kwa sababu vitunguu vilikuwa vinaelekea kuungua, nikamimina ndoo yote chunguni katikati ya moshi na mvuke, nikaonja chumvi ya supu ambayo nilikuwa nimekwisha kuitia, nikaongeza kidogo kwa kukisia, nikatia mchele, na maji yalipokauka nikafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikijifuta jasho, mtu aliyeokoa shilingi 30.

Sasa tufike kwenye sinia, ambako ujumbe wa sauti umepapita kwa pupa na kuharibu utamu wote.

Pilau ilipakuliwa katika masinia mawili. La wanaume lilishuka chini likiwa limefunikwa kawa, likafuatwa na bakuli la kachumbari na ndizi mbivu. La kwetu liliwekwa juu ya mkeka, nasi tukakaa kulizunguka: Bibi mkabala na mimi, mjukuu kuliani kwake, kisha jirani wa kwanza, kisha Mama, kisha mimi, kisha rafiki yangu, kisha shangazi yake, kisha jirani wa pili ambaye alikuwa amevaa miwani mahususi kwa tukio hilo. Tukanawa. Tukasema bismillahi. Bibi akafinyanga tonge la kwanza, akalitia kinywani, nasi sote tukamtazama taya.

"Mwalimu," akasema baada ya kumeza, "chumvi umeitia kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Bibi."

"Basi una mkono mpana."

Wakacheka, nami nikacheka nao, huku nikijiuliza imekuwaje. Sikujua wakati huo kwamba visima vingi vya mjini Lamu vina maji ya chumvichumvi, na kwamba maji matamu hutoka kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na kwamba hiyo ndiyo sababu mtu mwenye akili hulipa shilingi 30. Lakini ilikuwa chumvi ya kusameheka. Ndizi zililiwa kwa wingi kuliko kawaida, na mambo yakaendelea.

Ndipo nilipouona ule mdalasini.

Ulikuwa upande wa Bibi, umejilaza juu ya wali kama aliyepumzika, wa rangi ya kahawia iliyoiva, urefu wa kidole cha mwisho, umejikunja kidogo kama mdalasini mzuri unavyojikunja. Kwa hakika niliona fahari. Nikajisemea kwamba nimebahatika kupata mdalasini wa magome mazima, si ule wa vumbi unaouzwa madukani kwetu. Kisha nikatambua kwamba mwisho wake mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine. Kisha nikatambua kwamba ule mwisho mwembamba ulikuwa umepanuka tena, mfano wa kipepeo kidogo. Kisha Bibi akatoa wali pembeni yake, tuta la wali likaporomoka kiasi, ule mdalasini ukabiringika nusu, na nikaona katika ncha yake nyingine kitu cheupe cha mviringo, kidogo kama punje ya mtama iliyochemka, kikiwa kimenielekea mimi.

Nilijua yote kwa mara moja: kivuli, ndoo, kiza, tangi. Sikujua tu nifanye nini.

Tatizo la sinia, kwa yule asiyelijua, ni kwamba kila mtu hula mbele yake. Kuvuka kwa mkono hadi upande wa mwenzako ni utovu wa adabu ambao mtoto wa miaka mitatu huchapwa kwa ajili yake, na kuvuka hadi upande wa Bibi ni jambo ambalo sidhani kama lina jina. Nilikuwa na umbali wa mkono mmoja na nusu tu. Nikatazama vidole vya Bibi. Bibi hula polepole, hukusanya wali kwa vidole vitatu, huukandamiza, huugeuza, na kila mzunguko vidole hivyo vilikuwa vikikaribia kwa upana wa punje tano au sita. Alikusanya. Alikandamiza. Akanyanyua. Nilimeza mate pamoja naye. Akarudi, akakusanya tena, na safari hii kucha yake yenye hina iliugusa mkia.

"Bibi!" nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. "Nyama laini iko huku kwangu!" Na kwa kisingizio cha ukarimu nikalishika sinia kingoni nikalizungusha.

Rafiki yangu anasema nililizungusha kama usukani wa basi la Mokowe. Hilo ni chumvi yake mwenyewe, lakini ni kweli kwamba kachumbari ilimwagika. Nilikusudia kumleta yule kiumbe upande wangu. Kwa bahati mbaya nilizungushia upande usiofaa, na sinia liliposimama alikuwa mbele ya jirani mwenye miwani. Jirani hakusema neno. Alitazama chini, akaona kipande cha mdalasini kimemjia, na kama afanyavyo kila mlaji wa pilau duniani akakisukuma kwa ncha ya kidole hadi ukingoni mwa sinia, kikae pamoja na karafuu mbili na ganda la iliki.

Nawaambieni, katika maisha yangu sijawahi kuhisi faraja kama ile. Alikuwa ameokoka. Mimi nilikuwa nimeokoka. Pale ukingoni angekaa mpaka mwisho wa chakula, mabaki yangekusanywa, wangepewa paka wa kichochoroni, ambao huko Lamu hawana uhaba, na siri ingekwisha tumboni mwa paka. Nilifinyanga tonge langu la kwanza kwa utulivu tangu tuketi. Lilikuwa tamu, ijapokuwa na chumvi.

Nilikuwa nimesahau kwamba watoto hupenda kunyonya mdalasini.

Mkono mdogo ulitoka kando ya Bibi, ukapita juu ya ukingo, maana mtoto yeye husamehewa kuvuka, ukaiacha iliki, ukaziacha karafuu, ukamwokota yule mwingine. Ukampeleka mdomoni. Ukasita. Mtoto akamweka kwenye kiganja, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, akasogeza uso karibu.

"Bibi," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa taarifa, "mdalasini huu una mato."

Hakuna aliyejibu. Nilisikia punda akilia mbali sana, upande wa forodhani.

"Ni Nahodha," akasema mtoto. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka.

Ngome ya Lamu ilitumika kama gereza mpaka mwaka 1984. Ningelikuwa na uwezo ningeomba wanifungulie chumba kimoja mchana ule.

Bibi alirudisha tonge lake siniani. Akapangusa vidole. "Mwalimu," akauliza, "maji ya pilau umeyateka wapi?"

"Kwenye tangi, Bibi."

"Tangi lipi?"

"La... la chooni."

Mama akapiga kifua. "Si nilikwambia maji ya birika usiyatie chunguni?"

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapoamka saa nane za usiku tangu Ijumaa. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia, kwani mtoto alikuwa amekwisha anza na ningepata mwenzangu. Badala yake, mimi, mwalimu wa Kiswahili, mtunzi wa mitihani ya vitawe, nilinyosha kidole cha mkono wenye wali nikawaonyesha kidaka kilichoonekana juu kupitia uwazi wa ngazi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa:

"Birika sikuligusa, Mama. Lile pale."

Wanawake sita waligeuka kwa pamoja kutazama. Birika la chai lilikuwa pale juu kidakani, jeusi, limetulia, mdomo wake ukiwa umetuelekea. Jirani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena, akalitazama mara ya pili. Kisha nikaona mabega ya Bibi yakianza kutikisika. Hakutoa sauti. Alitikisika, akajishika mbavu, machozi yakamtoka, na alipopata pumzi alisema neno moja tu, "Subhanallah," akaendelea kutikisika.

Nilielezwa baadaye, kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi, kwamba kule kwao hodhi la chooni ndilo birika, na kwamba tangu zama za mababu watu hufuga ndani yake samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa huwa kumejengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Ndoo yangu ilikuwa imewakomba humo bakulini, kwenye kimbilio lao la mwisho. Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi, na maana zote mbili za birika zimo humo, zimepangwa moja baada ya nyingine.

Yaliyofuata nitayasema harakaharaka. Rafiki yangu alikimbia kulimulika birika akakuta halina kitu. Mtoto akasema kwa kwikwi kwamba walikuwa wawili, Nahodha na Baharia. Tukalipekua sinia letu punje kwa punje, Baharia hakuonekana. Tukatazamana. Wakati huo sinia la wanaume lilikuwa likipandishwa ngazini, tupu, limekombwa mpaka linang'aa, na kijana aliyelibeba akasema kwamba Ami anamsalimu mpishi na kwamba hajala pilau yenye viungo vilivyokolea namna ile. Bibi akaamuru kwamba hakuna atakayesema lolote. Tukala mahamri yaliyobaki asubuhi kwa chai, iliyochemshwa katika lile birika, nalo likashushwa kidakani kwa heshima zote.

Hesabu yangu ni hii. Samaki wawili wapya walitoka katika birika la jirani mwenye miwani, bure, ila ilibidi nimsikilize akinieleza habari za birika kwa muda wa saa nzima. Mtoto alilipwa halua, mpira, na safari ya mashua hadi Shela na kurudi. Niliagiza madumu manne ya maji matamu kwa hiari yangu, kutoka kwa kijana yuleyule, na punda wake alinitambua. Jumamosi nilikwenda makumbusho, nikalipa kiingilio, nikasikiliza kila neno. Ukijumlisha na nyama na mchele, nimetumia zaidi ya gharama ya usiku mbili za nyumba ya wageni, na katika nyumba ya wageni hakuna anayekusindikiza forodhani huku akikuuliza kama mkobani una samaki.

Amri ya Bibi ilidumu siku tatu, mpaka mwalimu wa Hisabati aliporekodi ule ujumbe wake. Jumanne ulikuwa umekwisha kuvuka bahari na kumfikia Ami. Ameuliza jambo moja tu, nami sijapata ujasiri wa kumjibu: yule aliyeingia kwenye sinia lao, jina lake lilikuwa nani?

Jana nilimpigia Bibi simu kumwomba radhi kwa mara ya nne. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Ndoo, mwanangu," kisha simu ikakatika. Nimekaa nayo tangu hapo na sijaweza kuamua kama aliniita au alinikumbusha.